Kadi ya Baba, Siku za Eda

Televisheni ya baba ilifunikwa leso siku ya tatu baada ya maziko. Si sheria hiyo, wala hakuna kitabu kinachomwambia mjane afunike televisheni. Mama alitaka hivyo tu. Alikuwa ameingia eda, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, hatoki, hajipambi, haonani na mwanamume asiye maharimu yake, na katika muda huo hakutaka kile kioo kikubwa kimtazame. Nikamtafutia leso ya kahawia, nikaitandika juu yake, ikafunika kioo na dikoda iliyokaa chini yake. Taa nyekundu ya dikoda ilionekana kwa mbali kupitia kitambaa. Ndani ya dikoda mlikuwa na kadi.

Nalitaja hili mapema kwa sababu watu wa Likoni, hata leo, hudhani kwamba mambo yetu yaliharibikia juu ya paa la ndugu yangu, kwenye madishi. Yaliharibikia chini ya leso ile, na mimi ndiye niliyeitandika.

Baba alikuwa muuza vitambaa. Alipima kwa wari, na kila alipofika mwisho wa wari aliongeza upana wa kidole gumba kabla ya kutia mkasi. Aliliita dole la akhera. "La dunia nimekupimia," alikuwa akimwambia mteja, "na hili ni langu mimi huko niendako." Wanawake walitoka mpaka Mtongwe kuja kununua kwake, wakiyaacha maduka yaliyo karibu zaidi na nyumba zao, kwa ajili ya dole lile. Macho yalipoanza kumchoka alinunua televisheni kubwa na kifurushi cha HD, akasema anataka kuona jasho la mchezaji likitoka kwenye paji la uso, la sivyo mpira hautazamiki.

Kitu kimoja alikikataa. Alikataa waya wa ndugu yangu.

Ndugu yangu ndiye kifungua mimba. Alikuwa na biashara ya kugawa chaneli mtaani, ile watu waiitayo kebo, na mimi nilifanya kazi kwake miaka sita. Nilipokea simu za wateja, nikaangalia chumba cha mitambo juu ya paa lake, na ikilazimu nilipanda ngazi mwenyewe na plaisi mkononi, nimefunga buibui kiunoni. Nilijivunia kazi hiyo. Wanawake wangapi Likoni wamewahi kukata waya na kuuvika kichwa cha shaba huku mafundi wa kiume wamesimama chini wakishika ngazi?

Watu wengi hudhani picha hutoka Nairobi ikaja moja kwa moja mpaka sebuleni kwao. Haiji hivyo. Chaneli hurusha picha yake mpaka kwenye setilaiti. Kampuni ya televisheni huidaka kwa madishi makubwa, ikaichanganya na chaneli nyingine, ikazifunga zote kwa kufuli lisiloonekana, kisha ikazirusha juu tena. Kutoka huko hushuka juu ya kila paa, la tajiri na la fukara, bila ubaguzi. Hata sasa hivi zinakunyeshea wewe unayesoma. Tofauti ni ufunguo, na ufunguo ndio kadi. Kadi moja, nyumba moja: ndiyo mapatano. Anayetaka kupokea na kugawia watu wengi, kama hoteli au kampuni ya kebo, huwa na mapatano mengine, na mitambo mingine, na jina lake limeandikwa kwenye vitabu vya wenye mali.

Mimi niliamini kwamba sisi tuna mapatano hayo. Kulikuwa na karatasi ukutani katika chumba cha mitambo, imewekwa kwenye fremu ya kioo, ina mhuri. Miaka sita niliifuta vumbi karatasi ile, wala sikuwahi kuisoma. Ilikuwa leseni ya kuuza vifaa vya umeme.

Baba hakuhitaji kuisoma. Siku ndugu yangu alipokuja na mzingo wa waya begani, anataka kumvutia mzazi wake chaneli za bure, baba alimuuliza swali moja.

"Wenyewe wajua?"

"Wajua, baba. Tuna karatasi."

Baba akamtazama, akarudi kwenye kikombe chake. "Basi kheri. Lakini mimi nataka changu, kwa jina langu."

Akajisajili mwenyewe, kwa kitambulisho chake, akalipia mwaka mzima kwa mpigo. Dikoda ikikwama, tuliwapigia kampuni simu tukaweka sauti kubwa. Wakiuliza namba ya kadi, baba aliichomoa, akaigeuza, akaisoma namba mbili mbili, polepole, kama anayepima wari. Msichana wa kampuni akikimbia, baba alimrudisha: "Taratibu, bibi, nisomee tena." Kwa kumsikiliza hivyo mara nyingi, namba ile niliihifadhi bila kujua kwamba nimeihifadhi.

Chumba chetu cha mitambo kilikuwa na dikoda kumi na moja kwenye rafu za mbao, na kila moja ilikaa kwenye chaneli moja tu, usiku na mchana. Ukibadilisha hapo, umebadilisha mtaa mzima. Ramadhani moja nilikalia rimoti kwa bahati mbaya, watu waliokuwa wakisikiliza darasa la sheikh kabla ya futari wakaletewa mieleka, wanaume wawili wamevaa chupi wanabingirishana. Simu yangu iliita mpaka ikazimika. Ndugu yangu alicheka siku tatu.

Kutoka kwenye kila dikoda, picha iliingia kwenye kisanduku kilichoipa njia yake, kisha njia zote kumi na moja zikaingia kwenye waya mmoja mnene. Waya huo ulipita kwenye mashine ya kuongeza nguvu, ukaruka ukuta, ukaegemea mwarobaini wa jirani, ukaenda nyumba hadi nyumba. Kila ulipogawanywa, picha ilipungua nguvu. Ilikuja kwetu ya HD, safi, unahesabu nyuzi za jezi. Tukaibana ili iingie kwenye visanduku vyetu vya bei nafuu, tukaigawa, tukaigawa tena, na ilipofika nyumba za mwisho upande wa Mtongwe nyuso za watu zilikuwa uji. Ndugu yangu aliiuza kwa jina la HD hivyo hivyo. Mteja akilalamika nilimwambia akaze waya nyuma ya televisheni. Nilijua kwamba tatizo haliko nyuma ya televisheni yake. Uongo wa namna hiyo niliusema kila siku na nikalala vizuri.

Kulikuwa pia na suala la namba. Mara moja moja, hasa mechi kubwa ikiwa inaendelea, namba ndefu ilijitokeza juu ya picha. Ilikaa pembeni sekunde chache, ikapotea, ikatokea upande wa pili. Ndugu yangu alinifundisha la kufanya: zima dikoda ya chaneli hiyo, subiri, washa. "Wanapima mitambo yao," alisema. Nami niliwaambia wateja vivyo hivyo, kwa sauti ya mtaalamu.

Baba alifariki kwa homa ya siku nne. Ndugu yangu ndiye aliyeshuka kaburini kumlaza. Nilimwona alivyolia, na mpaka leo sina hakika kwamba kilio kile kilikuwa cha uongo. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Ningependa kuamini kwamba aliyelia vile na aliyefanya aliyofanya ni watu wawili.

Mama aliingia eda. Ili asipotewe na hesabu, aliweka kopo la maziwa tupu kando ya kitanda, na kila siku baada ya alfajiri alikula tende moja akatia kokwa yake humo. Kokwa moja, siku moja. Ndugu yangu alikuja kila Ijumaa kumjulia hali, kama impasavyo mwana. Ijumaa ya pili nilimkuta amepiga magoti nyuma ya televisheni, leso imefunuliwa nusu.

"Vumbi," aliniambia. "Kifaa kikilala bila kupanguswa huoza."

Nikamshukuru.

Jumatatu yake alinipa bahasha ndogo. Moja ya kadi zetu ilikuwa imefungiwa na kampuni, na chaneli ya mpira ilikuwa gizani tangu Alhamisi. Alisema imekuja kadi mpya. Nikapanda juu, nikaitoa, nikafuta kile kipande chake cha dhahabu kwa pindo la buibui, nikaitia. Katika kazi yetu hakuna asomaye namba ya kadi. Unafuta, unatia, unangoja picha. Picha ilikuja.

Wiki tano zikapita. Jumamosi moja, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa kwa jirani yetu mshona nguo, mama mtu mzima ambaye vitambaa vyake vyote vilitoka dukani kwa baba. Televisheni yake ilikuwa na chenga, nami nimechutama nyuma yake nakaza waya, mara hii kwa haki. Mpira unaendelea, wajukuu zake wamejaa mkekani. Nikainua kichwa kutazama kama picha imetulia, na namba ikatokea juu ya uwanja.

Nilianza kuisoma bila kukusudia. Mbili mbili. Sauti iliyokuwa ikisoma kichwani mwangu haikuwa yangu, ilikuwa ya baba. Nilifika mwisho wa namba kabla macho hayajafika. Ikapotea, ikatokea upande wa pili, ikanisomea tena, kwa wale wenye kichwa kigumu.

"Hizo namba ni za nini, mwanangu?" mshona nguo akaniuliza.

Miaka sita nilikuwa na jibu la swali hilo. Nilielewa yote pamoja, nimeshika waya. Hawakuwa wakipima mitambo yao. Walikuwa wakituma namba ya kila kadi juu ya picha yake, kisha mtu wao anakaa mahali, nyumbani kwa mtu au kwenye kilabu cha mpira, anatazama ni namba gani inayotokea pasipo pake. Sisi tuliichuja picha mpaka ikawa uji, lakini namba ilipita visanduku vyote, na mashine, na mwarobaini, ikafika kila nyumba inasomeka. Na jina lililofungamana na namba ile lilikuwa la muuza vitambaa aliyekuwa kaburini.

Nilikwenda moja kwa moja kwa ndugu yangu. Hakukana. Hata hilo lilinivunja, kwamba hakunihesabu mtu wa kudanganywa kwa bidii.

"Mumeifunika leso," alisema. "Mwaitazama? Imelipiwa mwaka mzima, yalala bure. Na mimi ndiye mkubwa, cha baba ni chetu."

"Kadi huoana na dikoda yake," nikamwambia. "Ungeitia kwenye nyingine isingefungua. Umefanyaje?"

Hapo ndipo alipotazama pembeni. "Niliwapigia simu. Wakaibadilisha."

Sikumuuliza aliwapigia kwa sauti ya nani. Wallahi ningeuliza kama ningefikiri kuna la kuuliza.

Nikamwambia nakwenda kumwambia mama. Akanishika mkono, kwa upole, na akasema maneno ambayo kila mtu wa kwetu angeyaona ya busara. "Mama yuko eda. Wataka kumtia huzuni juu ya huzuni? Ngoja atoke. Akitoka, mimi mwenyewe nitakaa naye nimwambie." Nikakubali. Kuna msemo wetu kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Nilimngoja mzaliwa nami.

Kadi ilifungiwa siku ya tatu baada ya hapo. Siku ya tano, saa nne asubuhi, wakapiga hodi nyumbani kwa mama watu wawili, wamevaa mashati yenye nembo ya kampuni. Mmoja alikuwa mtu wa bara, kijana mpole, na hakujua aingie au asiingie. Niliwaweka barazani. Mama alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, hatua mbili kutoka walipokaa. Nilimpigia ndugu yangu, akafika upesi kuliko nilivyotegemea.

"Sisi tunatafuta huyu mzee," kijana akasema, akataja jina kamili la baba kutoka kwenye karatasi. "Kadi yake imepatikana inasambazia watu. Hiyo si poa, unajua. Hapo tunaweza kupeleka mtu kotini."

Ndugu yangu akainamisha kichwa. "Mzee amefariki."

"Pole sana. Lini?"

"Wiki mbili sasa."

Nilidhani amekosea. Nikamtazama, naye hakunitazama.

"Kadi aliitoa mwenyewe alipokuwa hai," akaendelea. "Alikuwa mtu wa kugawa. Hakujua sheria za mambo haya, alidhani ni kama kumpa jirani maji. Mzee wetu alikuwa hivyo, hata dukani aliongeza zaidi ya kipimo. Muulizeni mtu yeyote."

Alilichukua dole la akhera akalitia humo. Maiti haulizwi sanda, tumeambiwa, lakini hata sanda huwa ya huyo maiti. Huyu alimvika baba nguo yake mwenyewe yenye uchafu.

Kijana wa kampuni alipekua simu yake. "Ni sawa, maanake pia sisi tuko na simu yake. Mzee alipiga mwezi uliopita kubadilisha dikoda. Simu zetu zinarekodiwa." Kisha, nadhani kwa nia njema, kutuonyesha kwamba yeye hatushuku, akaicheza.

Ilitoka sauti ya mzee, ya taratibu, yenye kikohozi kidogo katikati. Ilitaja jina la baba. Ilitaja namba ya kitambulisho chake. Ikasoma namba ya kadi, mbili mbili. Msichana wa upande wa pili akaharakisha, na sauti ikamwambia: "Taratibu, bibi, nisomee tena."

Kwa tarehe iliyoonekana kwenye kioo cha kijana, simu hiyo ilipigwa baba akiwa na siku kumi na sita kaburini. Ndiyo maana ndugu yangu alihitaji kumfisha upya, wiki mbili zilizopita, ili marehemu apate nafasi ya kupiga simu. Na sauti ile aliifanya vizuri. Ndugu yangu aliijua kila kona ya koo la baba. Nami niliyemlilia baba miezi miwili nilitamani, kwa sekunde moja ya aibu, kijana aicheze tena.

Kijana akanigeukia. "Ni ukweli, dada? Ni huyo mzee, na aliaga juzi juzi tu?"

Mama alikuwa na tasbihi mkononi kabla wageni hawajafika. Mlio wake nyuma ya pazia ulikuwa umekoma. Ndugu yangu alinitazama sasa, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, na nilimwona gerezani, nikaona wanawe.

"Ni kweli," nikasema.

Akaandika. Ndugu yangu akatia sahihi kwa niaba ya marehemu, nami nikatia kama shahidi. Walisema kwa kuwa mwenyewe amekufa hawataendelea na kesi, ila akaunti itafungwa na jina litabaki kwenye orodha ya waliosambaza kinyume cha sheria. Wakatupa pole tena. Yule mpole akauliza kama anaweza kumpa mama pole kwa mdomo wake, nikamwambia mama yuko eda, haonani na wageni. Akainua mkono kuelekea pazia, akaenda zake.

Nilipoingia ndani, mama alikuwa amekaa sakafuni. Amelimwaga kopo la kokwa kwenye mkeka, anazipanga kumi kumi.

"Hamsini na nane," alisema alipomaliza. Alianza kuzirudisha kopani moja moja. "Nduguyo amesema kumi na nne."

"Mama."

"Wata. Sitaki kusikia kitu hivi sasa. Niko ndani."

Hakulitaja tena. Ndugu yangu aliacha kuja Ijumaa. Alituma samaki badala yake, na mama alimrudishia samaki.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu wasiojua kebo. Uongo wa ndugu yangu ulipita njia zote ambazo waya wake ulipita. Alijivua lawama mtaani kwa maneno yaleyale aliyoyasema barazani, na wateja waliokosa chaneli zao walihitaji mtu wa kumlaumu. Wengine walimwombea baba rehema kwa kuwa aliwagawia. Hao ndio walioniuma zaidi, maana walimsifu kwa wizi. Wengine hawakumwombea. Mwanamke mmoja aliyekuja kumpa mama pole alisema, akicheka kidogo ili ionekane utani, kwamba kumbe hata lile dole la akhera huenda lilikuwa likikatwa kwenye wari wa mtu mwingine. Mama alimkaribisha kahawa.

Nilikuwa nimeacha kazi. Ndugu yangu alishusha madishi saba, akabakiza mawili. Sikusema naye, na sikusema na mtu juu yake. Niliutunza uongo wake kama nilivyoitunza karatasi yake kwenye fremu. Nilijiambia nangoja eda iishe, naye atakuja amweleze mama kama alivyoahidi.

Eda iliisha siku ya Alhamisi. Asubuhi mama alioga, akavaa nguo nyingine, akatia wanja. Mashangazi walikuja, wakasoma dua, wakala, wakaondoka. Ndugu yangu hakuja. Mama aliiondoa leso kwenye televisheni, akaikunja mara nne, akaiweka kabatini. Hakuiwasha. Desturi yetu ni kwamba mjane akishatoka huwazungukia waliomjia siku za msiba, awashukuru. Nilidhani anajitayarishia hilo. Akachukua buibui lake, akasimama mlangoni.

"Ndoo," akaniita kwa mkono. "N'onesha waya ulikopita."

"Waya upi, mama?"

"Wa nduguyo. Wewe wajua nyumba zote. Nataka kwenda kwa mpangilio wake, nisiruke hata moja."

Tulianzia kwenye mwarobaini, ambapo kidude cha chuma cha kugawa picha bado kimening'inia, kinapokea waya mmoja na kutoa nyaya nne. Tukaufuata wa kwanza. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mshona nguo. Alimkumbatia mama mlangoni, akalia kidogo, akataka kutuketisha. Mama alikataa kuketi.

"Nimekuja kukushukuru kwa kunijia," alisema. "Na nimekuja kukwambia. Ile kadi hakuitoa mume wangu. Aliitoa mwanangu, tena babake keshakuwa mchangani, akapiga na simu kwa sauti ya babake. Mume wangu hakuiba wala hakugawa cha watu. Ukimtaja, mtaje hivyo."

Mshona nguo alinitazama. Nilitazama chini, na nitasema kweli, moyoni nilifurahi. Miezi yote ile nilikuwa na tonge lisilomezeka kooni, na sasa mama alikuwa akilitema kwa niaba yangu. Niliona haki inafika. Niliona kwamba aliyetuuza amepatikana, na mimi ndiye niliyemshika mama mkono mpaka mlangoni.

Mama hakuwa amemaliza. Aliutafuta mkono wangu bila kunitazama, akaushika sana.

"Na huyu," alimwambia mshona nguo, "ndiye aliyeulizwa mbele yangu kama ni kweli, akasema ni kweli."

Kisha akashukuru tena, tukatoka. Nje nilidhani ataniachia mkono. Hakuuachia.

"Nyumba ya pili ni ipi?" aliniuliza.

Nikainua macho kwenye waya, nikamwonyesha.